Maghorofa ya Chicago Mchana Kweupe

Mara iliyopita tulizungumzia presha na chumvi, na baadhi yenu mmeniandikia kulalamika kwamba nimewaharamishia achari. Leo nawapumzisha. Leo tunatembea, na kutembea ni dawa hata kama daktari hajaiandika.

Wengi wetu tulioko ugenini, mji tunaoishi tunaujua kwa vituo viwili: nyumbani na kazini. Katikati ni treni au basi, kofia imeshushwa usoni kwa baridi, simu mkononi. Muulize Mswahili aliyekaa miaka kumi London, Toronto au Dubai, lile jengo refu analolipita kila siku nani alilijenga na kwa nini, atakwambia, "Lile? Lile la benki." Watalii wanapanda ndege kuja kuliona, sisi tunalipita mbio tukiwahi zamu. Kwa maoni yangu tunajidhulumu, na watoto wetu tunawadhulumu zaidi, kwa kuwa wao hapa ndipo kwao.

Mimi naishi Chicago. Hapa kuna taasisi iitwayo Chicago Architecture Center, iliyoanza mwaka 1966 kwa juhudi za watu waliopigania nyumba moja ya zamani isivunjwe. Kazi yake mojawapo ni kuwatembeza watu kwa miguu baina ya maghorofa, na wanaotembeza ni watu wa kujitolea waliofundishwa kazi hiyo. Mwezi wa tano nilikata tiketi tatu: yangu, ya mama mdogo, na ya mwanawe, yaani mdogo wangu.

Mama mdogo anasafisha ofisi ndani ya mojawapo ya majengo hayo, mwaka wa 14 sasa. Anaingia saa kumi na moja jioni, anatoka saa saba usiku. Nilipomtajia matembezi alicheka. "Mwanangu, nilipe pesa kutazama jengo? Mimi nalijua mpaka vumbi lake." Alikubali kwa sababu mwanawe anakuja, na siku zile walikuwa wanapitana tu humo ndani. Kijana anasoma uhandisi wa ujenzi, mwaka wa pili, na alikuwa ametangaza mezani kwamba anataka kuacha chuo akasomee leseni ya malori makubwa. Mnaoishi Marekani habari hii mnaijua. Kila familia ina wake.

Tulifika mapema, nikawavusha kwanza daraja la Michigan Avenue. Ng'ambo ya mto pana sanamu ya kichwa cha Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi ambaye inasemekana alitoka Haiti. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mkazi wa kwanza wa kudumu mahali hapa ukiwaacha wenyeji wa asili. Alikuwa mfanyabiashara, akaoa mwanamke wa Kipotawatomi, akajenga kando ya mto. Daraja limepewa jina lake tangu mwaka 2010. Mdogo wangu aliisoma ile habari mara mbili, asiseme kitu.

Kiongozi wetu alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ana viatu vya raba na sauti ya kumfikia mtoto wa dawati la nyuma. Alianza na moto. Tarehe 8 Oktoba 1871 moto ulizuka upande wa magharibi wa mji, ukala nyumba za mbao kwa siku mbili. Watu kama 300 walikufa na wapatao 100,000 wakalala nje. Lawama zilimwangukia mwanamke mhamiaji kutoka Ireland, Catherine O'Leary, eti ng'ombe wake alipiga teke taa. Mwandishi mmoja wa gazeti alikuja kukiri baadaye kwamba kisa cha ng'ombe kilitungwa, na baraza la mji likamsafisha rasmi mwaka 1997, yule mama amekwisha kufa zaidi ya miaka 100. "Ng'ombe wa mgeni huwa hakosi teke," mama mdogo alininong'oneza.

Baada ya moto ardhi ya katikati ya mji ilipanda bei, na kila mwenye kiwanja akataka kwenda juu. Lakini kwenda juu kulikuwa na vizuizi. Nani apande ngazi mpaka ghorofa ya kumi kila asubuhi? Hilo lilitatuliwa na Elisha Otis, ambaye miaka ya 1850 kule New York aliwaonyesha watu breki inayoidaka lifti kamba ikikatika. Kizuizi cha pili kilikuwa ukuta. Ukitegemea ukuta ubebe jengo, basi kadiri unavyopanda lazima ukuta wa chini uwe mnene zaidi, hadi chini hakubaki nafasi ya duka wala dirisha.

Hapo ndipo anapoingia mhandisi William Le Baron Jenney. Tulisimama pembe ya LaSalle na Adams, mahali lilipokuwa Home Insurance Building la mwaka 1885, ghorofa 10. Lenyewe halipo, lilivunjwa mwaka 1931. Jenney alilisimamisha kwa fremu ya chuma, ukuta ukawa wa kuvaa tu. Wanahistoria bado wanagombana kama kweli ndilo ghorofa refu la kwanza duniani au la, lakini wazo ndilo hilo. Mimi kwa lugha ya wodini nililielewa mara moja: kabla ya hapo jengo lilikuwa linasimama kwa ngozi, baada ya hapo likapata mifupa.

Na sisi wa Unguja tusijione tulikuwa nyuma sana. Miaka miwili kabla ya jengo hilo, mwaka 1883, Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib, na baraza zake zimesimama juu ya nguzo za chuma. Kila aliyekula urojo Forodhani amezitazama nguzo zile. Nilimweleza kiongozi, akatoa kidaftari akaandika. Sikumficha kwamba sehemu ya jengo iliporomoka Desemba 2020. Majengo nayo ni wagonjwa. Yanataka kupimwa mara kwa mara, si kusubiri mpaka yazimie.

Ng'ambo ya barabara ipo Rookery, ya mwaka 1888. Nje ni jitu la mawe na matofali mekundu, ukiingia ndani unakuta ua umefunikwa paa la kioo, mwanga unamwagika mpaka chini. Frank Lloyd Wright aliupamba upya mwaka 1905 kwa marumaru nyeupe na nakshi za dhahabu. Ua ule haukuwa pambo. Umeme ulikuwa bado dhaifu, karani alihitaji mwanga wa jua ili aone anachoandika, kwa hiyo jengo likatobolewa katikati. Nyumba za Mji Mkongwe nazo zina ua wa ndani kwa sababu hiyo hiyo, na ya hewa. Mama mdogo alisimama hapo muda mrefu kuliko wote. Nikadhani ameguswa na nakshi. Kumbe alikuwa anatazama sakafu. "Hii wanaing'arisha kwa mashine ndogo," akasema. "Kubwa haingii kwenye kona zile." Kiongozi alimsikia, akamuuliza anajuaje, na mama mdogo akamweleza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, jinsi marumaru inavyosafishwa na dawa gani inaiunguza. Watu 12 wa msafara walikaa kimya wakisikiliza. Mzee mmoja akamuuliza swali.

Msingi nao una kisa. Chini ya Chicago ni udongo laini wa mfinyanzi, mwamba uko mbali. Wajenzi wa wakati ule walilaza vyuma vya reli vimepishana, wakavizika ndani ya zege, jengo likakaa juu yake kama jahazi juu ya tope. Na jahazi huzama kidogo. Monadnock, pale Jackson na Dearborn, lilididimia polepole miaka kwa miaka. Nusu yake ya kaskazini, ya mwaka 1891, ina ghorofa 16 na inasimama kwa ukuta wa matofali, chini ukuta una unene wa mita 1.8 hivi. Weka mkono dirishani uone. Nusu ya kusini iliongezwa mwaka 1893, na hiyo wakaitilia fremu ya chuma. Miaka miwili tu, na ukuta mnene ukawa mambo ya kale. Majengo mengine tuliyapita haraka: Reliance la 1895 lenye vioo vingi kuliko ukuta, na Carbide and Carbon la 1929, la kijani na ncha ya dhahabu, ambalo wenyewe hulifananisha na chupa ya shampeni, nami naona ni chupa ya manukato ya Muscat.

Halafu tukafika chini ya Sears Tower. Tangu 2009 linaitwa Willis Tower, lakini hapa mtu akisema Willis utajua si wa hapa. Ghorofa 110, mita 442, lilifikia kimo chake mwaka 1973 na likawa refu kuliko yote duniani mpaka 1998.

Kiongozi alitoa mkobani mirija tisa ya soda. Alishika mmoja akausimamisha, ukapinda kwa kidole. Akaifunga yote tisa kwa mpira, tatu kwa tatu, akaikandamiza, haikupinda. Ndiyo siri ya Sears: ni minara tisa ya mraba imefungwa pamoja, mingine inaishia ghorofa ya 50, mingine ya 66, mingine ya 90, na miwili inakwenda mpaka juu. Adui wa jengo refu si uzito, ni upepo. Wazo lilikuwa kuhamisha nguvu za jengo kutoka katikati kwenda kwenye ganda la nje, mfano wa mwanzi. Mwanzi una uwazi ndani na bado dhoruba unaiinamia na kuinuka.

Aliyefikiri hivyo anaitwa Fazlur Rahman Khan. Alizaliwa Dhaka mwaka 1929. Alikuja Marekani kusoma mwaka 1952, na kwa miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Illinois alichukua shahada mbili za uzamili na ya udaktari. Alirudi kwao, akafanya kazi Karachi, kisha mwaka 1960 akarejea Chicago. Yeye na msanifu Bruce Graham ndio waliotoa pia John Hancock Center, ghorofa 100, lile lenye vyuma vilivyopishana kama herufi X upande wa nje. Mwaka 1971, Bangladesh ilipopigania uhuru, alikuwa akikusanya michango hapa Chicago kwa ajili ya watu wa kwao. Mnaochangishana kwenye makundi ya WhatsApp mnaielewa kazi hiyo. Alifariki ghafla Jeddah mwaka 1982, ana miaka 52, akazikwa hapa. Kwenye pembe ya Franklin na Jackson utaona kibao cha barabara chenye jina lake.

Kiongozi akaongeza kwamba Khan ndiye aliyebuni pia kituo cha mahujaji cha uwanja wa ndege wa Jeddah, lile paa la mahema meupe.

Mama mdogo akanishika mkono. "Yale mahema? Mimi nimelala chini yake!" Alikwenda Hijja mwaka 2011, na anaikumbuka saa ile ya kusubiri basi: nje jua linachoma, chini ya turubai upepo unapita, wazee wamejinyoosha juu ya mikeka. Alikuwa hajui kama mahema yale na majengo anayoyaona kila siku dirishani akipangusa meza za watu yametoka kichwa kimoja. Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Mtoto wa watu amekuja hapa kama wewe."

Kijana akajibu bila ukali, "Mama, yeye alikuwa na skolashipu."

Na ni kweli, alikuwa nayo. Mdogo wangu hana. Ada yake nusu ni mkopo, nusu ni magoti ya mama yake. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba halikimbii hesabu. Alama zake ni nzuri. Anakimbia kumwona mama yake akipanda basi saa saba usiku. Katika safu hii nimesoma barua nyingi za wazazi wanaosema watoto wamekuwa wavivu, na safari hii naomba muulize tena, kwa sauti ya chini, kabla hamjaandika neno hilo.

Msafara uliishia pale. Sisi watatu tukaendelea peke yetu kufuata Wacker Drive mpaka ukingo wa mto, kwa sababu nilitaka kuwaonyesha jengo langu. Ukitazama ng'ambo utaona minara miwili ya mviringo, kama magunzi mawili ya mahindi yaliyosimamishwa. Hiyo ni Marina City, ya miaka ya 1960, kazi ya msanifu Bertrand Goldberg. Ghorofa 65 kila mnara, 19 za chini ni maegesho ya magari yanayozunguka kama ngazi ya msikiti, na juu ni nyumba za kuishi, kila moja na roshani.

Nampenda Goldberg kwa sababu ya kazi. Alijenga pia hospitali ya wanawake hapa Chicago, Prentice, iliyofunguliwa mwaka 1975. Wodi zake zilikuwa za mviringo, vitanda pembeni, na meza ya wauguzi katikati. Asiyekuwa muuguzi hawezi kujua maana yake. Wodi nyingi ni ujia mrefu, na katika zamu ya saa 12 nusu ya nguvu zako inakwenda sakafuni: unafuata dawa mwisho wa ujia, kengele inalia mwisho wa pili. Mtu mmoja aliketi akahesabu hatua zangu kabla sijazaliwa. Ile hospitali ilianza kuvunjwa mwaka 2013, watu wakilalamika. Sijawahi kuingia ndani yake na bado inaniuma.

Lakini lililomsimamisha mama mdogo ni jambo lingine. Marina City ilijengwa kwa pesa za chama cha wafanyakazi, chama cha wafagizi na waendesha lifti. Rais wake, William McFetridge, aliona watu wanahamia nje ya mji, na maofisi yakibaki matupu wafagizi wake watakula wapi? Chama kikaamua kujenga. Chama hicho kilianzia Chicago mwaka 1921, na baada ya kubadilisha jina kidogo kimekuwa kikubwa mno, hata wauguzi wengi wamo.

Mama mdogo anakatwa ada ya chama kila mwezi, na kila mwezi hunung'unika. "Wafagizi?" akauliza. "Wafagizi ndio waliolipa?" Nikamwambia ndiyo. Alikaa kwenye benchi, akafungua karanga alizozifunga kwenye karatasi, akatugawia. Halafu akamwambia mwanawe, macho yakiwa kwenye minara, "Lori si haramu. Lakini usiliendeshe kwa ajili yangu. Mimi magoti yangu nitayapeleka kwa dada yako huyu." Kijana akasema atafikiri. Mashariki yetu lilikuwa linaonekana jengo jipya la Jeanne Gang, St. Regis, mita 363, na karibu na juu kabisa ghorofa moja imeachwa tupu ili upepo upite. Aliuliza kwa nini hawakuijaza, nami nilimwachia mwenyewe anieleze. Alinieleza mpaka kituo cha treni.

Mpaka naandika hapa hajaamua. Amejiandikisha muhula mmoja, na kitabu cha leseni ya lori bado kiko mezani. Atakayeuliza nitamjibu barua ijayo.

Sasa ya matumizi. Matembezi huchukua kama saa mbili, hivyo viatu viwe vilivyozoea mguu. Mwenye kisukari abebe kitu cha kutafuna, na mwenye magoti mabovu aulize kwanza kuna ngazi ngapi. Msio na pesa ya tiketi, ingieni Chicago Cultural Center, maktaba ya zamani ya mwaka 1897, ni bure, ina kuba la vioo vya Tiffany, na vyoo safi. Mwezi wa kumi taasisi hiyo hiyo huandaa Open House Chicago, majengo mengi hufunguliwa bila malipo. Walioko London wana yao mwezi wa tisa. Watoto chini ya miaka saba watachoka kwenye Monadnock, wapeni kazi ya kuhesabu madirisha. Na mama mdogo anasema msisahau karanga, za mjini ni ghali.